UZI: Mahasimu wawili, geji moja. Kwa nini Wajerumani na Waingereza wote walijenga reli za Afrika Mashariki kwa mita 1?

#1 Taruma la Chuma

Wakuu, salamu. Naomba tuchambue jambo moja la miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Reli ya Uganda, ya Waingereza, ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu Desemba 1901. Reli ya Kati, ya Wajerumani, ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, jumla kilomita 1,252. Reli ya Tanga, nayo ya Wajerumani, ilifika Moshi 1911, kilomita 352. Hapo tuna serikali mbili zinazotazamana kwa jicho la husuda, makandarasi tofauti, viwanda tofauti, hata lugha za michoro tofauti. Lakini ukipima kutoka reli hadi reli, kote unapata milimita 1,000. Wakati huohuo kusini kote, kutoka Cape kupitia Bulawayo hadi Katanga, ni milimita 1,067.

Dai langu ni kwamba Wajerumani waliifuata Reli ya Uganda kwa makusudi, wakitazamia kwamba siku moja mitandao itaungana na mizigo ya ziwa itavutwa upande wao. Anayepinga alete hoja.

#2 Kabari

Mkuu Taruma, tarehe zinakukataa. Mwanzo wa Reli ya Tanga hukuutaja. Ilianza 1893, miaka mitatu kabla Mombasa haijatandikwa reli hata moja. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Ujerumani ikaichukua 1899, ikaisogeza hadi Korogwe 1902 na Mombo 1905. Tangu siku ya kwanza ilikuwa geji ya mita. Huwezi kumfuata mtu ambaye hajatoka nyumbani.

Kama kuna aliyemwiga mwenzake hapo, ni Mwingereza, nami hilo silisemi, maana Mwingereza alikuwa na sababu yake nyingine kabisa. Waachie wanaoijua India waseme.

#3 Fundi Boila

Naichukua hiyo ya India.

India ilianza kujenga geji ya mita miaka ya 1870, wakati watawala wake walipodhani nchi itahamia vipimo vya mita. Vipimo havikuhama wakati huo, lakini reli zilibaki. Kufikia 1896 India ilikuwa na maelfu ya kilomita za geji hiyo, na juu yake karakana, mafundi, injini, mabehewa, mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli), vitabu vya kanuni, hata wahasibu wanaojua bei ya kila boliti. Sasa wewe ni kamati ya London, unatakiwa kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani haraka na kwa bei ambayo Bunge litaikubali. Bunge lilipitisha pauni milioni 3 mwaka 1896. Mwisho zilikwenda karibu milioni 5.5. Vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka India walikuwa kama 32,000, na takriban 2,500 walifia kazini. Watu hao, pamoja na wasimamizi wao, walijua kutandika reli ya mita. Injini za mwanzo za daraja F, magurudumu sita yote ya kuvuta, zilikuwa za muundo wa India, nyingine zikiwa zimeshatumika huko.

Ukichagua geji nyingine yoyote, hata iwe bora, unaanza na karakana tupu. Injini ikivunja ekseli kule Makindu, unaagiza Uingereza na kungoja miezi. Ukiwa na geji ya India, unapeleka simu ya waya Bombay na meli ijayo inaleta.

Kwa hiyo kwangu jibu la upande wa Mombasa ni moja tu: ugavi wa vipuri.

#4 Dada Reli

Fundi, nakubaliana nawe nusu. Vitabu vingi husema geji nyembamba ilichaguliwa "kwa sababu ni rahisi". Tuangalie huo urahisi unatoka wapi.

Tofauti ya 1,000 na 1,067 ni milimita 67, upana wa vidole vinne. Tuta la udongo halipungui chochote cha maana kwa vidole vinne. Daraja halipungui. Reli zenyewe ni zilezile. Kinachopunguza gharama ni mambo mawili. La kwanza ni kona kali: ukikubali nusu kipenyo cha mita 100 hadi 200 mlimani, unaufuata mlima badala ya kuukata. La pili ni reli nyepesi. Mombasa walitandika reli za ratili 50 kwa yadi, sawa na kilo 24.8 kwa mita. Kilomita moja yenye reli mbili inakula tani 49.6 za chuma. Zidisha kwa kilomita 940 za kwenda Kisumu, unapata kama tani 46,600, bila njia za kupishania treni wala stesheni. Ukitumia reli ya kilo 35 kwa mita unaongeza zaidi ya tani 19,000, zote za kupakuliwa bandarini na kusukumwa hadi mwisho wa reli.

Lakini hayo yote unayapata hata kwenye geji ya 1,067. Cape walifanya hivyohivyo. Kwa hiyo "urahisi" unaeleza kwa nini hawakujenga 1,435, geji pana ya kawaida. Hauelezi kwa nini hawakujenga 1,067.

#5 Taruma la Chuma

Dada Reli umenena. Basi hoja ya Fundi inatosha kwa Mombasa. Lakini Mjerumani hakuwa na India. Tanga 1893 waliitoa wapi mita?

#6 Kabari

Kwao. Reli ndogo za wilaya na za viwanda huko Ujerumani zilikuwa na geji chache zilizozoeleka: milimita 600, 750 na 1,000, na ya mita ndiyo iliyochukuliwa kuwa ya kubeba abiria na mizigo ya kweli. Viwanda vya injini vilikuwa na michoro tayari. Ushahidi mzuri ni makoloni yao mengine: Togo walijenga mita, Kamerun walijenga mita. Huko hakuna Reli ya Uganda ya kuunganishwa nayo.

Na hapa kwetu walitumia ndogo pia pale mita ilipozidi mahitaji. Njia ya Sigi, iliyotoka Tengeni kupanda Usambara ya mashariki kwenda kuchukua mbao, ilikuwa ya sentimita 75, na ilipanda kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, kwa mtindo wa zigizagi.

#7 Kahe Junction

Kabari, lakini Kusini Magharibi mwa Afrika (Namibia ya leo) Wajerumani haohao walianza na milimita 600, na baadaye sehemu ya kusini wakajenga 1,067 ileile ya Cape. Kwa hiyo hawakuwa na kanuni ya "makoloni yote ni mita". Walitazama jirani. Hoja ya Taruma isizikwe mapema: Tanga 1893 inaweza kuwa mazoea ya kiwandani, lakini Reli ya Kati ya 1905 ilipangwa wakati Reli ya Uganda imeshafika ziwani na inakula mizigo ya Mwanza na Bukoba kwa meli za Kisumu. Mtu anayepanga reli ya kushindana na hiyo hawezi kusema hakuijua geji yake.

#8 Kabari

Kuijua ni jambo moja, kuifuata ni jingine. Mwaka 1905 tayari walikuwa na njia ya Tanga. Kampuni ya Reli ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1904 na mkandarasi Philipp Holzmann wangekuwa wa ajabu kuweka geji ya pili ndani ya koloni lilelile. Huhitaji kumtazama jirani wakati ndugu yako yuko mlango wa pili.

#9 Mzee wa Genge

Wanangu, mnabishana juu ya upana tu, na mataruma hamjayagusa. Geji bila taruma ni namba kwenye karatasi.

Sababu ya chuma badala ya mbao ni mchwa. Taruma la mbao laini nyika ya Taru linaliwa kwa misimu michache. Mombasa kwenda Kisumu zilitumika reli za futi 30 kama vipande 200,000, mataruma ya chuma kama milioni 1.2, na kabari kama milioni 4.8. Gawanyeni wenyewe: kabari 4 kwa kila taruma, mbili kila reli, moja ndani na moja nje.

Taruma la chuma la wakati ule ni kama karai refu lililofunikwa. Juu lina masikio yaliyokatwa na kukunjwa kutoka kwenye bamba lenyewe. Kitako cha reli kinakaa kati ya masikio mawili, kabari inapigwa pembeni kukibana. Ukitaka kusogeza reli ndani kidogo unaikaza kabari ya nje na kulegeza ya ndani. Ndivyo geji inavyorekebishwa, na ndivyo inavyopanuliwa kwa milimita chache kwenye kona kali ili injini ya ekseli tatu ngumu isikwaruze.

Kinachoharibika ni hivi. Kabari hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo mtu wa genge hutembea kila siku na nyundo. Masikio hupasuka pale yalipokunjwa, maana chuma kimechoka. Na ardhi ya chumvi huila bamba kutoka chini bila wewe kuona. Pwani, na upande wa magadi, taruma la chuma likazikwa kwenye udongo wenye unyevu linatoboka, hapo mbao ngumu iliyotiwa dawa inalishinda.

Na ule mwanya wa maungio hamjausema. Reli ya futi 30 ni mita 9.14. Joto likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi adhuhuri juani, chuma kinarefuka kama milimita 4. Ukitandika asubuhi na baridi, weka kibati cha kupimia mwanya mnene. Ukitandika saa nane mchana, weka chembamba. Ukikosea asubuhi, mchana reli inajikunja nyoka. Ukikosea mchana, usiku boliti za maungio zinakatika.

#10 Dada Reli

Shikamoo mzee, asante. Hiyo ya masikio inanipa hoja: taruma la chuma linaifunga geji maisha yake yote. La mbao unalitoboa upya. La chuma masikio yamekunjwa kiwandani kwa mita 1, basi. Ndiyo maana geji ya mita ilipoingia haikutoka tena. Kubadili kwenda 1,067 kulihitaji kutupa mataruma yote.

#11 Lukuga

Salamu kutoka Kalemie. Mmeisahau Kongo, na Kongo inaharibu nadharia zenu zote mbili.

Kampuni ya Maziwa Makuu iliyoanzishwa 1902 na kundi la Baron Empain ilijenga vipande vya kuruka maporomoko: Stanleyville (Kisangani ya leo) hadi Ponthierville kilomita 125, ikafunguliwa 1906, Kindu hadi Kongolo kilomita 355, tayari 1911, halafu Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, kilomita 273, 1915. Vyote vilikuwa vya mita 1. Mbelgiji hakuwa na maghala ya India, na jirani yake wa karibu kwa reli, Katanga, alikuwa na 1,067 iliyofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) 1910 kutoka kusini.

Kwa hiyo mwaka 1915 ungeweza kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa mita 1, ukavuka ziwa, ukaendelea Kalemie hadi Kabalo kwa mita 1. Kama si vita, behewa lingeweza kuvushwa kwa pantoni. Nani alikuwa anapanga nini hapo?

#12 Kahe Junction

Hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Lukuga, unaonaje, ni ziwa lililowaunganisha au ni viwanda?

#13 Lukuga

Kuna maelezo mawili huku na hakuna aliyemshinda mwenzake. Moja: Empain alikuwa mtu wa tramu na reli ndogo za vijijini Ubelgiji, na hizo nyingi zilikuwa za mita, kwa hiyo ni mazoea ya kiwandani kama Kabari anavyosema juu ya Tanga. Mbili: kampuni ilijiita ya Maziwa Makuu na macho yake yalitazama mashariki. Kilichotokea baadaye kinasaidia la kwanza kidogo: Kabalo–Albertville ilibadilishwa kuwa 1,067 miaka ya 1950 ili iungane na Katanga. Biashara ikavuta kusini. Stanleyville–Ponthierville, ambayo haina wa kuungana naye, ilibaki mita.

#14 Fundi Boila

Lukuga umeleta nyama. Naomba tusisahau nguvu ya kuvuta, maana geji haihukumiwi kwa upana pekee.

Chukua mwinuko wa asilimia 2, yaani unapanda mita 1 kila mita 50. Kila tani inadai kilo 20 za kuvutwa kwa ajili ya mwinuko, na kama kilo 4 au 5 kwa ajili ya msuguano. Sema 25. Injini ya ekseli tatu za kuvuta zenye tani 8 kila moja ina tani 24 juu ya magurudumu. Magurudumu hushika reli kwa kama robo ya uzito huo pakiwa pakavu, yaani kilo 6,000. Gawa kwa 25, unapata tani 240, na humo injini na tenda lake (behewa la kubebea maji na kuni au makaa yake) wamo. Ukitoa injini, tenda na mabehewa yenyewe, mzigo wa kulipa unabaki kiduchu. Asubuhi yenye umande au majani yaliyopondwa kwenye reli, robo inakuwa moja ya sita, na treni inasimama katikati ya mlima magurudumu yakizunguka bure. Dawa ni mchanga mkavu kutoka kwenye sanduku lake. Mchanga ukilowa kwenye bomba, huna dawa.

Huwezi kuongeza uzito wa ekseli, reli ya ratili 50 haibebi. Kwa hiyo unaongeza idadi ya ekseli. Lakini ekseli nyingi kwenye fremu moja ngumu hazipiti kona kali. Hapo ndipo Reli ya Uganda ilipoagiza injini 18 za aina ya Mallet kutoka kiwanda cha North British miaka ya 1912 hadi 1914: seti mbili za magurudumu sita, ya mbele ikiwa na uhuru wa kugeuka. Kwenye karatasi ni safi. Njiani matatizo yalikuwa viungo vya bomba la mvuke vinavyovuja pale injini inapojikunja, na silinda kubwa za mbele zisizopata mvuke wa kutosha. Jibu zuri lilikuja 1926 na injini 4 za kwanza za aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock: boila katikati bila magurudumu chini yake, injini mbili kwenye ncha. Kwa kuwa chini ya boila hakuna gurudumu, kisanduku cha moto kinaweza kuwa kipana kupita geji. Hapo mita 1 ilipata pumzi.

#15 Kabari

Fundi, hapo pa Mallet na mimi nasema sehemu ya lawama ni ya maji, si ya muundo. Boila inayolishwa maji ya nyika yenye chokaa hujaa ukoko, mirija haipitishi joto, mvuke unapungua, halafu mnasema silinda zilikosa mvuke. Wakati wa ujenzi Taru ilibidi treni ya maji iende kila siku kuwanywesha watu na injini. Maji mazuri hayakuwa ya kuchagua.

#16 Fundi Boila

Maji mabaya yaliziumiza injini zote kwenye njia hiyo, si Mallet peke yake. Daraja F zilikunywa maji hayohayo.

#17 Kahe Junction

Turudi kwenye geji. Kama mnataka kuona faida na hasara yake, tazameni vita vya 1914 hadi 1918.

Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914 na kutoka huko wakatuma vikosi kulipua Reli ya Uganda. Waingereza wakaamua kujenga njia kutoka Voi kwenda magharibi. Kazi ikaanza 1915, kampuni za wahandisi wa reli kutoka jeshi la India, na vifaa vya India. Katikati ya mwaka wakafika Maktau. Tatizo halikuwa reli, lilikuwa maji: yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Baada ya Taveta kurudishwa Machi 1916, reli ilisukumwa hadi Kahe na kuungana na njia ya Tanga–Moshi. Geji ileile! Treni ya Mombasa ikaingia kwenye reli ya Mjerumani bila kuhamisha mzigo.

Kama Tanga ingekuwa 1,067, pale Kahe pangehitaji jukwaa la kuhamishia, winchi, vibarua mia kadhaa, na seti ya pili ya injini. Jeshi lingechelewa.

#18 Dada Reli

Kahe, tahadhari kidogo. Geji sawa si kiunganishi sawa. Ili behewa la huku livutwe na injini ya kule lazima kimo cha bafa (vizuia mgongano kwenye ncha za behewa) kutoka juu ya reli kilingane, ndoano na mnyororo vishikane, na breki ziongee lugha moja. Vinginevyo unaweka behewa la kati lenye ndoano mbili tofauti kila ncha, na breki za mkono zinashikwa na watu juu ya mabehewa. Inakwenda, lakini polepole.

#19 Kahe Junction

Sawa kabisa dada. Polepole, lakini inakwenda, na jeshi halikudai zaidi.

Upande wa Reli ya Kati 1916 hali ilikuwa nyingine. Wajerumani walirudi nyuma wakilipua madaraja, na mengine wakayajaza kwa kusukumia injini na mabehewa kwenye mwanya. Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai, Morogoro Agosti 26, Dar es Salaam Septemba 4, Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji Septemba 19. Kwa kuwa injini hazikuwepo na madaraja ya muda hayakubeba uzito, malori yalivalishwa magurudumu ya reli yakavuta vitoroli. Daraja la muda lilikuwa hivi: mataruma yanapangwa kwa kupishana, safu juu ya safu, hadi kimo cha reli, juu yake boriti. Au kiangazi unashusha njia pembeni hadi kwenye mchanga wa mto, unavuka chini na kupanda upande wa pili. Mvua ya kwanza ikija vyote vinaondoka.

#20 Mkondoa

Mvua mmeitaja, nami hapo ndipo ninapoingia. Kilosa hadi Gulwe.

Holzmann alifika Kilosa 1909 na Dodoma 1910. Ili kuvuka milima ya Usagara bila kuchimba mahandaki, aliifuata njia ya mto Mkondoa, leo ukingo huu, kesho ule. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara: mwinuko mpole, kazi ya haraka. Tabora ilifikiwa 1912, na Kigoma kabla ya muda wa mkataba. Lakini bonde lilidai malipo yake kila masika tangu hapo.

Tuta halibomoki kwa maji kuligonga ubavuni tu, kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi maji hujikusanya upande wa juu kwa sababu kalavati limeziba kwa magogo na mchanga. Tuta linageuka bwawa. Maji yanapanda, yanafurika juu ya reli, na yanapoanguka upande wa chini ndipo yanapochimba kisigino cha tuta. Udongo unaliwa kutoka chini kwenda juu. Mwisho reli na mataruma vinaning'inia hewani kama kamba ya nguo, na kwa dereva anayekuja usiku vinaonekana vizima.

Tena mto wenyewe umepanda. Milima ikikatwa miti na kulimwa, mchanga unashuka na kujaza kitanda cha mto. Daraja lililoachiwa nafasi kubwa chini yake mwaka 1909 linajikuta maji yanagusa boriti, ingawa mvua ni ileile. Wajenzi wa reli mpya ya 1,435 wamechimba mahandaki upande wa Kilosa badala ya kukaa bondeni. Wametumia fedha mahali ambapo Holzmann alitumia kona.

#21 Taruma la Chuma

Mkondoa, asante. Kwa hiyo geji ya mita, kwa kuruhusu kona kali, ndiyo iliyoipeleka reli mtoni?

#22 Mkondoa

Iliruhusu. Haikulazimisha. Na geji ya 1,067 ingeruhusu vilevile, Dada Reli ameshasema. Aliyeipeleka mtoni ni muda na bajeti.

#23 Mzee wa Genge

Na kona hizo zina hesabu yake, vijana wasidhani unainua reli ya nje kwa kukisia. Zidisha umbali wa kati ya vichwa vya reli, kama mita 1.06 kwa geji ya mita, kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, gawa kwa 127 mara nusu kipenyo. Kilomita 30 kwa saa, kona ya mita 200: 1.06 mara 900 ni 954; 127 mara 200 ni 25,400; jibu ni mita 0.0376. Inua reli ya nje milimita 38. Ukiinua 60, treni nzito inayopanda polepole itailemea reli ya ndani na kuilaza. Usipoinua kabisa, ile inayoshuka kwa kasi itasaga ubavu wa reli ya nje mpaka iwe kisu. Njia moja inatumiwa na wote wawili, kwa hiyo daima unapatanisha.

#24 Lukuga

Mzee, heshima yako. Kahe, ulitaja ziwa: meli Graf von Götzen nayo iliamuliwa na reli. Ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapita Dar es Salaam na Reli ya Kati hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Kila bamba la meli ya mita 71 lilipaswa kupita kwenye behewa la geji ya mita na kwenye kona za Mkondoa. Julai 1916 waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito, na ndiyo maana ilipoinuliwa iliweza kufanya kazi tena, ikaanza safari 1927 kwa jina la Liemba.

Na mwisho wa reli uliwekwa Kigoma badala ya Ujiji, mji mkubwa wa zamani, kwa sababu ya kina cha maji. Kigoma ni ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Ujiji ni ufuko wa mchanga ulioachwa mbali na maji baada ya ziwa kushuka, pale mto Lukuga ulipofunguka na kuyatoa maji magharibi mwishoni mwa karne ya 19.

#25 Dada Reli

Narudi kwa swali la kuunganisha geji, maana kuna watu hupendekeza "ongeza reli ya tatu" kati ya mita 1 na 1,067. Haiwezekani. Kitako cha reli ya kawaida kina upana wa sentimita 10 hivi, na nafasi iliyopo ni milimita 67. Vitako viwili haviketi pamoja, achilia mbali mahali pa kupitisha ukingo wa gurudumu. Ungehitaji reli nne zilizopishana. Ndiyo maana Kidatu, TAZARA ya 1,067 inapokutana na mita 1, mzigo unahamishwa. Kati ya 1,000 na 1,435 reli ya tatu inakaa bila shida, nafasi ni milimita 435.

#26 Kabari

Reli nne inawezekana stesheni, lakini pointi zake (mahali pa kubadilishia njia) ni balaa: kila makutano ya reli yanadai mioyo mingi ya chuma cha kumwaga, yaani vipande vya kuvushia gurudumu, na kila moyo ni mahali pa kuvunjika. Kuhamisha makontena kwa kreni ni bei nafuu kuliko hiyo.

Taruma, juu ya swali lako bado nashikilia viwanda vya Ujerumani kwa Tanga na maghala ya India kwa Mombasa. Mita 1 mbili zilizozaliwa mbalimbali.

#27 Kahe Junction

Nami bado nasema Reli ya Kati ilipimwa kwa jicho la ziwa. Mwaka 1914 walishaanza hata njia ya kutoka Tabora kuelekea Ruanda, vita ikaikata. Hao si watu waliokuwa wakijenga bila kuwatazama majirani.

#28 Mkondoa

Kahe, njia hiyo ya Ruanda ilipangwa kwenda kwenye pinda la mto Kagera. Waingereza walipochukua nchi waliiacha, wakajenga Tabora–Mwanza, ikafika Mwanza 1928, mita 1 tena. Tuta la zamani la Wajerumani linalotoka Tabora ndilo la kuchunguza kwanza: makalavati yake yana upana gani, na kona ya kali zaidi ina nusu kipenyo gani. Mwenye vipimo avilete hapa.